Ujumbe Kutoka Mlango wa Tatu

Halikuwa jiwe. Kilikuwa kibonge cha udongo, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichorushwa na mashine ya kufyekea majani kwenye uwanja wa shule saa nne asubuhi, kikampiga mtunza bustani kwenye jicho la kulia. Miwani ya kazi alikuwa nayo. Alikuwa ameivaa juu ya kofia, kwa sababu kila ikishuka machoni inaingia ukungu, na yeye hapendi kufyeka asichokiona. Ndivyo alivyomweleza mkewe jioni alipofika nyumbani amefumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, na aliyasema hayo huku akicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata akiwa na homa.

Mkewe hakucheka. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwanza kwa kuwa alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, pili kwa sababu ya ulimi wake. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akageuza taa ya cherehani, akamfungua kope kwa vidole viwili. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa machozi. Akalimiminia bilauri nzima ya maji safi, shati la mume likalowa chapachapa.

"Kesho nitapita hospitali ya macho," mume alisema.

"Kwa kibonge cha udongo?" Sindano alijibu upesi mno. "Ukapange foleni siku nzima? Duka la dawa si hilo hapo kona."

Foleni haikuwa shida. Shida ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali hiyo, mlango wa tatu kushoto, kwenye maabara. Humo alifanya kazi mke wa kwanza wa mumewe.

Walikuwa wameachana miaka saba iliyopita, na Sindano aliolewa miaka miwili baadaye. Hakumnyang'anya mtu mume. Hilo lingempa amani mtu mwingine, lakini yeye lilimkosesha. Yule mwanamke angekuwa mgomvi, au mchoyo, au angeondoka na viti vya watu, Sindano angelala usingizi wake mnono. Lakini waliachana kwa upole. Mwanamke alikwenda kusoma mbali miaka mitatu, na aliporudi wakakuta hawana tena la kuzungumza jioni isipokuwa binti yao. Binti sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliishi kwa mama yake, na kila Jumamosi alikuja kwa baba yake, akamwita Sindano "mama mdogo" kwa adabu nzuri sana, na kila mara Sindano alijiuliza ni nani aliyemfundisha adabu hiyo.

Halafu kulikuwa na wifi, dada wa mume, ambaye hakuwa na roho mbaya, alikuwa na mdomo tu. "Chai yako tamu, wifi," angesema, kisha angeweka kikombe chini. "Ila yule wa kwanza alikuwa anaiacha ichemke mpaka inakuwa nyekundu." Yule wa kwanza alikuwa hivi, yule wa kwanza alikuwa vile. Siku moja Sindano alihesabu. Wifi alimtaja mara tisa kabla hajamaliza kikombe kimoja.

Basi wakaenda duka la dawa. Muuzaji akawapa chupa ndogo ya matone ya kuondoa wekundu, na kweli, siku ya pili wekundu ukapungua. Sindano akatembea kifua mbele. "Ningekusikiliza wewe, sasa hivi ungekuwa bado kwenye benchi," alimwambia mumewe, naye akakubali, akarudi kazini.

Siku ya sita jicho likaanza kuuma upya, si kuwasha kama mwanzo, bali kuuma kwa ndani. Mwanga ukawa adui. Sindano alitundika kitambaa cha sare dirishani, wakaishi katika rangi ya buluu. Siku ya nane alimwinamia mumewe, akaona kitu ambacho hakukielewa. Mbele ya mboni, kwenye ile ngozi angavu ya jicho, vidoa vidogo vyeupe vilikuwa vimejipanga duara kama shanga.

"Twende hospitali," mume alisema, na safari hii hakuwa akiomba ruhusa.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya uchovu. Alilitia jicho ganzi, akalikwangua taratibu, akapaka alichokipata kwenye vipande vya kioo na sahani za kuoteshea vijidudu. Kisha akauliza kuhusu dawa. Sindano akatoa ile chupa kwenye mkoba. Daktari aliisoma, akaiweka mbali na mkono wake.

"Hii inaondoa wekundu kwa kuwalaza walinzi wa jicho," alisema. "Walinzi wakilala, mwizi anakula atakavyo. Mliandikiwa na nani?"

"Nilinunua mimi," Sindano alisema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu wa maabara kuchukua sahani. Koti jeupe, viatu vya raba, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mfupi kuliko Sindano alivyomkumbuka.

"Wewe tena," alimwambia mgonjwa.

"Mimi tena."

"Ulikuwa unafyeka wapi?"

"Uwanja wa shule, upande wa nyuma."

"Pakavu au palimwagiwa maji?"

"Pakavu. Vumbi tupu."

"Na miwani?"

"Ilikuwa inalinda kofia."

Wakacheka wote wawili. Hakikuwa kicheko cha mapenzi, Sindano alilijua hilo kwa akili zake timamu. Kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kugombana juu ya miwani hiyohiyo mara hamsini. Kilichomchoma roho ni hizo hamsini, ambazo yeye hakuwapo.

"Pole, mdogo wangu," yule mwanamke alimgeukia. Walikuwa wamepishana mwaka mmoja.

"Ahsante," Sindano alisema.

Siku ya tatu tangu kukwanguliwa jicho wakaambiwa hakuna kilichoota kwenye sahani. Daktari akasema waendelee na matone ya kawaida ya kuua bakteria, warudi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Wakarudi nyumbani kwenye chumba chao cha buluu. Wifi akaja kumtazama mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaguna. "Lakini bahati yuko pale yule wa kwanza. Yule hawezi kumwacha ndugu yangu apofuke." Sindano alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja shati lilelile mpaka wifi akaondoka.

Jumanne saa tisa alasiri mume alikuwa amelala, na simu yake ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Ikalia. Kwenye kioo kukaandikwa *Mama Mtoto*, maana ndivyo alivyomhifadhi. Sindano akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza tena. Kisha ukaingia ujumbe.

*Kimeota. Ni kijidudu cha udongo, hakionekani mara nyingi, na dawa unazotumia hazikiwezi. Njoo leo hii hata ikiwa jioni. Daktari anajua. Usisubiri Ijumaa.*

Sindano aliusoma mara mbili. Baadaye, alipokuwa akijitafutia pa kujificha, alijaribu kujiambia kwamba hakuuelewa. Aliuelewa neno kwa neno. Lakini lililomkaa rohoni halikuwa kijidudu wala dawa. Lilikuwa hilo "njoo". Si "njooni". Si "mwambie mkeo akulete". Njoo, kama vile huyu mtu anaishi peke yake, kama vile hakuna mwanamke aliyekuwa akimtia matone kila baada ya saa mbili na kumshika mkono kwenda bafuni. Tena akaona mbali zaidi. Aliona jicho limepona, na wifi amekaa kwenye kiti cha wateja, akisimulia kwa miaka thelathini ijayo ni nani aliyeliponya.

Kidole chake kikafuta ujumbe. Kikafuta na zile simu mbili ambazo hazikupokewa. Halafu akaizima simu kabisa.

"Nani?" mume aliuliza kutoka chumbani.

"Mteja. Anataka sketi."

"Mbona simu yangu?"

"Yangu haina chaji," alisema. "Na hii nimeizima, mwanga wake unakuumiza."

Ijumaa si mbali, alijiambia. Siku tatu ni nini? Lakini mikono yake haikuamini. Jumatano aliunga mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akaifumua, akaiunga vilevile. Alimpikia mumewe anachokipenda, akamkanda mabega, akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu mpaka mume akauliza kama daktari amemwambia kitu cha siri. "Yaani siwezi kukutunza?" alimjibu kwa ukali, kisha akaenda uani akasimama karibu na ndoo.

Alhamisi asubuhi mume aliketi kitandani, akaziba jicho zima kwa kiganja ili ajipime. Alifanya hivyo kila siku. Safari hii aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia.

"Dirisha limekwenda wapi?" aliuliza.

Lilikuwa mbele yake, na jua lote la asubuhi lilikuwa limelipiga.

"Vaa viatu," Sindano alisema.

"Miadi ni kesho."

"Nimesema vaa viatu!"

Hospitalini alimkalisha kwenye foleni, akamwambia asiondoke, akashuka ngazi. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aligonga, akafungua bila kungoja.

Mtu wa maabara alikuwa ameinamia hadubini. Alipoinua kichwa na kumwona, alisimama palepale. "Yuko wapi?"

"Juu. Kwenye foleni."

"Nimepiga Jumanne. Nikaandika. Jana nimepiga mara nne, simu imezimwa. Leo mchana nilikuwa nije mwenyewe nyumbani kwenu. Kulikuwa na nini?"

Uongo ulikuwa tayari, umeshonwa na kupigwa pasi: simu iliharibika, simu iliingia maji. Sindano alifungua kinywa autoe.

"Niliufuta," alisema. "Niliusoma nikaufuta. Simu niliizima mimi."

Yule mwanamke alinyanyua simu ya ukutani, akamwambia daktari kwamba mgonjwa wa kijidudu cha udongo yuko kwenye foleni, achukuliwe sasa hivi. Akasikiliza. "Simu yake ilikuwa imezimwa," alisema, akakata. Hilo halikuwa uongo, na Sindano alijua amestiriwa, na kustiriwa na huyu kulimuuma kuliko kofi.

"Njoo uone ulichokifuta," mtu wa maabara alisema.

Kwanza alimwonyesha sahani bila kuifungua. Juu yake kulikuwa na vipunje vyeupe vikavu, kama unga wa chaki uliogandamana. Kisha akamwinamisha kwenye hadubini. Sindano aliona nyuzi. Nyuzi nyembamba mno, nyekundu, zenye matawi, zimesokotana kama uzi uliojifunga chini ya cherehani.

"Inaitwa nokadia. Inakaa kwenye udongo, haina shida na mtu mpaka iingizwe mahali pasipo pake. Tena inakua polepole. Siku ya tatu sahani zinakuwa tupu, na siku ya tatu ndipo wengi wanazitupa."

"Wewe kwa nini hukuzitupa?"

"Alisema vumbi. Na yale matone mliyoanza nayo, ndiyo chakula chake."

Sindano alinyoosha mgongo. Alijua asiulize, na aliuliza. "Na angekuwa mgonjwa mwingine?"

Mwenzake alifikiri. Hakuwa na haraka ya kumfurahisha. "Ningezitunza vilevile," alisema mwishowe. "Ila sidhani kama ningekuja Jumapili kuziangalia."

Jibu hilo Sindano alipanda nalo ngazi zote.

Mume akalazwa. Dawa iliyokiweza kijidudu ilikuwa ya sindano ya mshipani, haikutengenezwa kuwa matone. Hospitali iliichanganya yenyewe, ikaiweka kwenye chupa ndogo ya kahawia. Tone moja kila saa, mchana na usiku. Sindano akahamia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alijifunza kuvuta kope la chini bila kuligusa jicho, na kumwambia "tazama juu" kabla hajajikunyata. Siku ya nne maumivu yakalegea. Siku ya saba duara la vile vidoa likaanza kufifia ukingoni, na daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo wifi alikuja na chupa ya chai. Mgonjwa alikuwa ameketi, amechangamka, anatafuta wa kumsimulia.

"Dada, wewe hujui," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja Ijumaa kama mjinga. Huyu hapa ndiye aliyenivalisha viatu kwa nguvu. Daktari anasema siku moja zaidi jicho lingetoboka. Huyu hapa!"

Wifi akamgeukia Sindano. Machozi yakamlengalenga. Akamshika mikono yote miwili. "Wifi," alisema, "umemwokoa ndugu yangu. Mungu akulipe. Hakuna mwanamke mwingine ambaye angefanya hivyo. Hakuna!"

Miaka mitano Sindano alikuwa akilingojea neno hilo. Alikuwa amelitafuta kwenye chai, kwenye mapazia, kwenye sare alizomshonea binti wa watu bila kuulizwa. Na sasa limekuja lote kwa mkupuo, wala halikuwa na "yule wa kwanza" ndani yake. Angenyamaza tu, lingekuwa lake mpaka kufa. Alijaribu kunyamaza. Aliivuta mikono yake kutoka kwa wifi.

"Aliitwa tangu Jumanne," alisema. "Mama Mtoto alipiga, akaandika ujumbe kwamba aje siku ileile. Mimi niliufuta."

"Umefuta nini?" mume aliuliza, bado anatabasamu.

"Ujumbe. Niliuonea wivu. Nikazima na simu. Mpaka Alhamisi uliposema dirisha halionekani."

Mume aligeuza uso polepole, akawa kama anamtafuta mkewe kwa jicho lile bovu badala ya lile zima.

"Mimi nikakuuliza nani," alisema.

"Ndiyo."

"Ukasema mteja."

"Ndiyo."

"Toka nje kidogo."

Alitoka. Saa ya matone ilipofika aliinuka kwenye benchi, akakuta sista ameshayatia. Saa iliyofuata vilevile. Mume hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alimwambia tu aende nyumbani akapumzike, kwa sauti ya kumwambia mgeni. Sindano akarudi, akakishusha kile kitambaa cha buluu dirishani, akaona jinsi vumbi lilivyojaa juu ya cherehani. Kila asubuhi alikwenda hospitalini na chakula, akakiweka kwenye kabati dogo, akakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe. Wifi alipita mbele yake mara mbili. Mara ya kwanza hakusalimia. Mara ya pili alisalimia.

Siku ya nne ya hali hiyo sauti ikatoka wodini, "Sindano! Saa imefika, na sista ana mkono mzito kama seremala."

Aliingia, akanawa mikono, akachukua chupa ya kahawia. "Tazama juu," alisema. Tone likaingia.

"Sijakusamehe," mume alisema, akiwa ametazama juu.

"Najua."

"Lakini una mkono mzuri."

Wiki ya tano walirudi kliniki kupima uwezo wa kuona. Kovu lilikuwa limebaki, kama moshi mweupe mbele ya mboni. Wakati mume akiwa ndani na ubao wa herufi, Sindano alimuuliza daktari lile lililomkosesha usingizi: je, zile siku mbili kasoro ndizo zilizoleta kovu? Daktari alisema huenda, na huenda kovu lingekuwepo tu kwa sababu ya matone ya mwanzo. Hakuna wa kujua. Sindano alitamani jibu lolote kuliko hilo.

Ukumbini mtu wa maabara alikuwa kwenye benchi, anakula chakula chake cha mchana kwenye kibakuli. Alimwona, akasogeza mkoba wake. Sindano akakaa.

"Kwa nini hukumwambia?" aliuliza.

"Halikuwa langu la kusema. Na nilikuwa na hasira. Nikisema na hasira nasema vibaya."

"Bado una hasira?"

"Ndiyo." Aliendelea kula. "Sare ya mtoto imembana mabegani. Anakua."

"Mlete Jumamosi nimpime." Kisha, kwa kuwa siku hizi alikuwa amechoka kuficha vitu, akaongeza, "Mabega ni yako hayo. Nikiyapima nitaona wivu."

Mwenzake akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama kosa, na mdomo ukataka kucheka, akauzuia. "Utapima hivyohivyo," alisema.

Mlango wa kliniki ukafunguliwa. Mume alitoka akipapasa fremu ya mlango, maana kwa jicho moja zima vitu vya karibu humdanganya. "Mstari wa tatu!" alimwambia mkewe. "Kwa jicho bovu. Mstari wa tatu wote." Kisha akageuka upande wa pili wa benchi. "Mstari wa tatu," alirudia, "mpaka ile herufi ya mwisho inayofanana na uma."

Herufi inayofanana na uma hakumwambia Sindano. Aliliona hilo, na likamchoma palepale pa siku zote. Akainuka, akamshika mume mkono, maana mbele kulikuwa na ngazi tatu za kushuka.

"Herufi gani hiyo?" alimuuliza walipofika ya pili, naye akaanza kumweleza.